Mwiko wa Dénes

Kila Septemba, plamu zilipoanza kupasuka mtini,
Dénes Kelemen alivuka daraja na sufuria ya shaba
ameivaa kichwani kama kofia ya askofu,
yeye ambaye kanisa lake, kule kilimani, liliukana Utatu.
Baba yangu, mzee wa kanisa la Wakalvini upande huu wa mto,
alikuwa tayari amepasua kuni.

Jamu ya Transilvania haina sukari wala haraka.
Hupikwa usiku kucha,
na mwiko ukisimama kidogo tu, inashika chini.
Kwa hiyo walipokezana: mmoja akoroge, mwingine ahubiri.
Anayekoroga hana ruhusa ya kukatiza.
Hiyo ndiyo imani pekee waliyoungama pamoja
kwa miaka thelathini na mmoja.

"Moja," husema Dénes, kidole gumba kikigonga ubao,
"ni moja. Mungu hakuniumba nihesabu vibaya."
Baba hukoroga, taya limekaza.
Zamu ikigeuka: "Na moto huu je? Una mwanga, una joto, una—"
"Moshi!" hudakia Dénes, akiivunja amri kwa kicheko.
"Usiusahau moshi, Áron. Huo wa nne."

Mimi, miaka saba, chini ya blanketi la farasi,
nilidhani Mungu ni kitu kinachopikwa usiku,
kizito, cheusi,
na hakipikiki bila watu wawili.

Si kwamba ilikuwa mzaha siku zote.
Mwaka mmoja Baba alitamka neno: mzushi.
Dénes akaulaza mwiko juu ya nyasi, akavuka daraja.
Jamu ikaungua. Mama akakataa imwagwe;
tukaula uchungu ule na mkate kila asubuhi, hadi Pasaka.
Septemba iliyofuata ni Baba aliyevuka,
akarudi na sufuria mgongoni, na mwenyewe nyuma yake.
Neno lile sikulisikia tena.

Halafu ukaja mwaka wa mapafu.
Dénes alikaa kitini, shali ya mkewe Boróka shingoni,
Baba akakoroga zamu zote mbili, akahubiri zote mbili.
Karibu na alfajiri, hoja yake kongwe ya sura ya kumi ilipokwisha,
Dénes akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha funguo:
"Basi, Áron. Huenda wewe ndiye uliye sahihi."

Sentensi hiyo Baba aliisubiri tangu sijazaliwa.
Akautoa mwiko motoni, ukidondoka,
akaushindilia mkononi mwa mgonjwa.
"Hapana. Hiyo ni homa inasema. Sitaki sadaka.
Sura ya kumi na nne, Dénes.
Nijibu kwa sura ya kumi na nne, kama kila mwaka."

Dénes akakoroga mzunguko, akapumzika, akakoroga tena.
Pumzi ilimkwaruza.
Kisha kidole gumba kikaanza kugonga ubavu wa kiti.

Tulimzika Novemba. Baba aliingia kanisa la kilimani mara ya kwanza.
Ukiri wao ulipofika alifumba mdomo.
Zaburi ilipofika aliimba kuwashinda wote.

Miaka mitatu baadaye, shemeji yangu Botond,
mchungaji kijana, chuo bado kinamnukia,
aliwachekesha wageni mezani petu:
wale wa kilimani, alisema, hata kusoma hawajui.
Baba akaweka kijiko chini.
Akaanza, aya kwa aya, Kiyunani kile kidogo alichofundishwa na Dénes,
kidole gumba kikigonga meza,
mpaka Botond akawa rangi ya plamu.

"Kumbe Baba umehamia kwao?"

"Siamini hata moja ya hayo.
Lakini ukitaka kumpinga mtu, mpinge akiwa amesimama."

Akavuta bakuli, akajipakia mkate jamu.
Ilikuwa imeungua kidogo.
Mwaka ule alikoroga peke yake.