Kurasa Tupu

Bohari la sufu la Irigaray, Paysandú.
Julai, na baridi imeng'ang'ania sakafuni.
Wameniajiri miezi mitatu pamoja na skana ya kukodi;
ujira wangu ni kwa ukurasa.

Kazi huanza kwa kung'oa.
Pini zilizoliwa na kutu, klipu, uzi wa katani,
stepla za miaka ambayo mama yangu hajazaliwa.
Nazitia kwenye kopo la peremende. Jioni
kopo lina uzito wa kitoto cha paka.

Kisha nanyoosha pembe zilizojikunja,
napepeta fungu lisije likagandana,
nailisha mashine.
Nayo hula. Hula ankara, hula stakabadhi,
hula barua za benki zilizoanza kwa heshima
zikaishia kwa tarehe ya mwisho.
Faida na fedheha
kwake ni mwanga unaopita mara moja.

Kila baada ya karatasi mia mbili inakwama.
Ni mafuta ya kondoo. Walioandika humu
walitoka kushika sufu wakashika kalamu,
na miaka sitini haijatosha kukausha vidole vyao.
Nafuta kioo kwa spiriti.
Kitambaa kinatoka cha manjano, kinanuka zizi.

Maite, mjukuu wa mwenye mali,
hupita na kibuyu chake cha mate
kuuliza tumefika mwaka gani.
"Hamsini na tisa."
"Mafuriko," anasema, anapiga funda, anakwenda zake.
Chumba hiki ameshakiuza kwa duka la matairi.
Gari la kusaga karatasi linakuja Alhamisi.

Wilmar ndiye aliyeitia mashine akili.
"Upande mtupu itautupa yenyewe," alisema,
"ya nini kuhifadhi weupe?"
Nikafurahi kama hamali aliyepunguziwa mzigo,
asiulize kilichopunguzwa.

Jumanne hesabu ikanigomea.
Karatasi mia tatu, pande mia sita.
Picha: mia tatu na nne.
Nikataka kujua hizo nne zimeponaje.
Nikatafuta karatasi zake, nikazigeuza,
nikazipeleka dirishani.

Penseli.
Hafifu, kama njia ya sisimizi kwenye unga:
mistari minne, na wa tano ukiwakata wenzake,
mistari minne, na wa tano,
mpaka chini.
Juu ya kila safu, jina kwa mwandiko wa karani:
Techera, Olegario. Viera wa mkono wa kushoto.
Viera mdogo.
Wakata manyoya. Kalamu hawakuijua,
lakini kila kondoo aliyeinuka uchi akakimbia
alimwachia mtu mstari wake, asije akapunjwa.

Nikageuza nyingine. Na nyingine. Zote.
Mbele, kwa wino: marobota arobaini, yamepokelewa.
Nyuma, waliyoyajaza.

Mashine haikusema uongo.
Iliambiwa weupe ni nini, ikatii.
Mimi je, niliyezishika zote kwa mikono?

Magunia arobaini na moja yalikuwa yamefungwa,
yakingoja Alhamisi. Nikafungua la kwanza.
"Ukiongeza giza," Wilmar akaonya kwenye simu,
"hata madoa yataonekana."
"Yaonekane."
"Na kurasa za kurudia hazilipwi."
Hilo nalo nililijua.

Olegario Techera alihesabu mia moja na kumi na mbili.
Wino unasema alilipwa mia na nane.
Nimerudia mara tatu, kidole juu ya kila mstari.
Kondoo wanne.
Sijui nimwambie nani.

Programu inauliza jina la faili.
Ninaandika lake, herufi zote,
na mkato juu ya Paysandú.

Alhamisi. Honi mlangoni.
Kwenye mfuniko wa sanduku, kwa penseli yangu mwenyewe,
nahesabu magunia niliyomaliza:
mistari minne, na wa tano.
Dereva amezima injini, anajikuna kidevu.
Nimemwekea maji ya mate jikoni.
Yamebaki sita.