Vikombe vya Ghorofa ya Tatu

Mimi ndiye ninayeosha vyombo vya maabara hii,
chupa, mirija, visahani vya kuoteshea kuvu,
mwaka wa ishirini na mbili sasa,
hapa Tartu, ambako mwezi wa Januari
jua huchungulia saa tatu asubuhi
na kuaga kabla ya saa kumi
kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Wao huja na shahada zao za uzamivu.
Neno lenyewe nalipenda: mtu amezama.
Miaka minne, mitano, ndani ya kitu kimoja,
kimeng'enya kimoja cha kuvu moja ya mboji,
pumzi ameibana,
na huko juu hakuna aliyeshika kamba.
Akiibuka hupewa mkataba wa miaka miwili,
azame tena.

Kila mmoja huacha kikombe.
Rafu iko juu ya sinki. Majina yao
wameyaandika kwenye utepe wa karatasi
kwa wino usiofutika, ule ule wa kuandikia mirija.

Hiki cha bluu ni cha Tarmo. Siku hizi yuko Munich,
ofisi ya hataza. Watu humletea uvumbuzi wao
naye huwauliza, "Kipya ni kipi hapa?"
Ndivyo alivyouliza kila kikao cha Jumatatu,
na kila kikao walimnunia.
Kule wanamlipa kwa swali lile lile.

Cha Virve kimekatika mkono.
Yeye anafundisha kemia, sekondari, huko Võru.
Profesa alipopata habari alisema "Masikini,"
kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba.
Mimi nilikutana naye sokoni mwezi wa kumi,
amekumbatia kabichi nyekundu sita.
Za kuchemsha, akaniambia, za somo la asidi;
wiki iliyopita maji yalipogeuka kijani
watoto thelathini na mmoja walipiga kelele
mpaka mwalimu wa jirani akaja kugonga.
Nilirudi kazini nikijaribu kukumbuka
lini mtu alipiga kelele humu kwa furaha.

Anselm yuko kampuni ya dawa. Ana nyumba, ana bustani,
ana bosi anayemchagulia maswali.
Cha Piret, sijui. Hakuna ajuaye.
Nakiosha hata hivyo.

Katika wote kumi na saba mmoja tu alibaki
akawa profesa, mlango wa pili kushoto.
Kikombe chake huota ukungu wa kweli,
maana anajaza fomu za ruzuku
na chai inamsubiri mpaka inachoka.

Jana usiku Eerika alinikuta kwenye sinki.
Mkataba wake unaisha tarehe thelathini na moja Machi.
Barua ya kukataliwa aliikunja mara nne,
akaiweka chini ya meza inayoyumba.
"Õnne, wewe umewaona wote.
Ni nani aliyefanya vizuri?"

Kumi na saba, na mimi ninajua tu
nani alikunywa kahawa bila sukari,
nani alilia chooni na kurudi amenawa uso.
Nikamwambia habari za kabichi.
Akacheka, akaketi juu ya ndoo, kisha akauliza
mimi nilitaka kuwa nani.

Ghorofa hii ina madaktari wa falsafa tisa.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
"Nilitaka kuendesha treni," nikasema,
"ya mizigo. Usiku."
Hakucheka. Aliuliza ni ya kwenda wapi.

Tuliongea hadi taa za korido zikajizima zenyewe.
Aliosha kikombe chake kwa mkono wake,
akabandua utepe, akauviringa kama punje,
akakipindua kwenye wavu.

Leo asubuhi nimekikuta pale pale,
kikavu, hakina jina.
Nimekinywea chai.