Ndugu wa Faili Moja

Tumekodi nyumba ya mbao kule mwisho wa Karen,
lami inapokoma na vilima vya Ngong vinapoanza kuinua mabega.
Siku mbili, vitanda tisa, jiko moja la kuni.
Mwenye nyumba aliuliza kwa simu,
"Ni harusi, ama ni kanisa?"
Chelagat akamjibu, "Ni familia,"
kisha akakaa na simu sikioni
kama mtu aliyetia saini karatasi asiyoisoma.

Tulijuana kwa mate.
Kila mmoja kwa wakati wake alitema kwenye kichupa,
akakituma ng'ambo, akarudishiwa orodha ya majina.
Mimi nilikuwa natafuta chanzo cha kipandauso.
Nikampata Mumbua wa Donholm, Lemayian wa Rongai,
Chelagat, Mwakio, mapacha Kerubo na Kwamboka wasiofanana,
na mmoja yuko Leicester, aliyetuma pesa ya mbuzi
na kuomba picha.

Kiswahili kina ndugu wa tumbo moja,
ndugu wa ziwa moja, ndugu wa kambo,
hata ndugu wa kuchanjiana.
Sisi hakikutuwekea akiba.
Mwakio, ambaye ni mwalimu, anapendekeza: ndugu wa faili.
Lakini faili zilichomwa.
Kliniki ilikuwa Hurlingham, ghorofa ya tatu;
daktari ameshakufa, na siku hizi hapo wanauza mazulia.
Kilichobaki ni alichokumbuka mama yake Mumbua:
"Mwanafunzi. Mrefu. Hana pumu."
Watu wanane, na wajukuu kumi na mmoja,
kutoka kwa sentensi tatu.

Jumamosi tulikaguana kama wanunuzi wa ng'ombe.
Kidole cha mwisho cha mguu kinachompanda jirani yake: sita kati ya saba.
Kupiga chafya ukitoka juani: wote.
Mume wa Mumbua alisimama na sahani yake,
"Sasa niwaite nyote shemeji, au nichague?"
Watoto hawakuuliza. Walikuwa wanagombania bembea,
na Khisa wangu alishamwambia mtoto wa Lemayian,
"Wewe ni binamu yangu. Shuka, zamu yangu."

Sikutaka kumleta baba.
Namaanisha baba: Wafula, msomaji mita za maji, mstaafu,
aliyenifunga kamba za viatu mpaka darasa la nne
kwa sababu alipenda kufanya hivyo.
Nilipompa habari alizima redio, akaiwasha tena.
Shangazi alikuwepo, akaokota methali,
"Kitanda hakizai haramu."
Baba akasema, "Hakikuwa kitanda. Lilikuwa kochi la plastiki,
na mimi nilikuwa nimeshika mkoba wa mama yake."
Halafu akauliza safari ni lini.

Alikuja na gunia la viazi na kisu chake mwenyewe.
Akaketi mlangoni pa jikoni, anamenya,
anainua macho kila mmoja wetu anapopita.
Sikujua anahesabu nini.
Mara moja tu alisema, bila kumlenga mtu,
"Nilidhani nitamwona yule kijana.
Namwona Nekesa tu, kila mahali,
mara ana ndevu, mara ana hereni."

Usiku baridi iliingia kwenye nyufa za mbao.
Mapacha walibishana kuhusu kumtafuta:
Kerubo anataka,
Kwamboka anasema mwacheni mzee wa watu,
huenda ana nyumba, ana watoto waliolala.
Lemayian alitoka nje, akakawia.
Mbuzi aliungua upande mmoja.
Hatukuafikiana. Tumeandika Aprili, na alama ya kuuliza.

Karibu saa sita, moto umebaki macho mekundu,
baba aliita kutoka kwenye kiti,
"Nekesa, niletee miwani."
Nilikuwa nyuma yake, mikono kwenye sabuni.
Aliyekuwa mbele yake ni Mumbua.
Alisita,
akanitazama,
akaenda kuitafuta.