Vidato

Duka la vitambaa, jirani na stesheni ya Tabora,
lina ngazi ya mbao yenye vidato kumi na kimoja.
Kila alfajiri, kabla sijafunua cherehani barazani,
namsikia Jamnaben akipanda, akishuka,
akipanda.

Mlima wao uko Gujarati. Girnari.
Vidato elfu kumi kasoro kimoja,
na kileleni, juu ya jiwe, nyayo za Guru Datta.
Zamani, anasema, milima ilikuwa na mbawa,
ikitua itakapo, ikiponda vijiji,
hadi Indra akazikata.
"Huu wetu ulikatwa ukiwa safarini.
Nani ajuaye ulikuwa unakwenda wapi?"

Mumewe alimwahidi: treni hadi Dar, meli hadi Bombei,
treni tena hadi Junagadhi, kisha miguu.
Nauli ikawa bati. Ikawa ada za watoto.
Ikawa kuni za kumchomea yeye mwenyewe.

Babu yangu alikuwa mpagazi;
njia ya pwani aliihesabu kwa visima, si kwa siku.
Nilipomsimulia, Jamnaben alinyamaza kidogo,
akaniletea kopo na kunde kavu:
"Basi wewe utanihesabia, Kasanda.
Nikifika juu, tia moja."

Juu kwenyewe kuna magunia, na pipa la maji.

Leo ni ya mia tisa na tisa.
Nimeondoa mguu kwenye pedali.
Saba. Nane.
Tisa.
Kumi.

Kunde iko kiganjani,
imeanza kulowa jasho.