Jora Moja

Saa tano usiku, ghorofa ya nne, Makumbusho.
Feni inazunguka kama kibarua asiyelipwa
na mfumo wa chama cha akiba na mikopo
umekataa kuamka.

"Mbinu haipo," unasema.
Ipo. Nimeiona kwa macho yangu,
mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Kwenye kompyuta yangu ipo. Kwa Sharifa ipo.
Kwenye seva, ambako wanachama elfu tisa wa Mbagala
wanasubiri salio lao kabla ya Ijumaa,
haipo.

Nimefungua mafaili moja moja, kama anayechambua mchele.
Moduli ya mikopo inataka maktaba ile, toleo la tisa.
Moduli ya risiti inataka la kumi na tatu.
Moduli ya ujumbe wa simu haikutaka chochote,
ila imemleta rafiki, na rafiki kaja na nduguye,
na nduguye kashika mkononi toleo la sita,
la enzi zile Erasto bado anakula mihogo kwenye meza hii.

Mjenzi wa Java hana ugomvi na mtu.
Akikuta matoleo matatu hapigi kura, haulizi lipi jipya,
huchukua lililo karibu na mlango.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, atakwambia,
akukabidhi iliyo karibu
hata kama ni ufagio.

Tegemezi, ndivyo tunavyoziita maktaba hizi,
na neno lenyewe linanichekesha.
Nyumbani nina wategemezi watano:
ada, kodi, dawa za presha za mama,
wote wananing'inia kwangu.
Hapa mimi ndiye ninayening'inia
kwa watu nisiowajua hata majina,
nao wananing'inia kwa wengine, huko juu, sijui wapi.

Simu ikatikisika. Kundi la harusi.
Shangazi Mwanabaraka wa Magomeni, sauti ya dakika tatu:

"Mwaka jana tulisema zambarau, basi.
Kila mtu akaenda Kariakoo na zambarau ya kichwani mwake.
Picha mmeziona.
Zambarau ya bilinganya, zambarau ya juisi ya unga,
na mke wa Kisaka mpaka leo anaapa ile si pinki.
Safari hii hakuna kununua.
Jora moja, duka moja, linakaa kwangu.
Unitajie vipimo vyako tu.
Rangi mtu asiniulize."

Nikaisikiliza mara mbili.

Kisha nikafungua faili la mzazi, lile la juu kabisa,
nikaandika matoleo yote pale,
kila maktaba na namba yake, mara moja.
Nikashuka kwa watoto, nikawafutia namba zao.
Mikopo, taja jina tu.
Risiti, taja jina tu.
Ujumbe, rafiki yako aingie, nduguye abaki nje.
Namba mtu asiniulize.

Nikajenga. Umeme ukakatika, mtandao ukaenda nao.
Jenereta ya jirani ikanguruma; yetu haina mafuta tangu Jumatatu.
Nikakaa gizani nikinusa mishikaki ya chini barabarani
hadi taa zikarudi, nikajenga tena.

Mikopo iliamka. Risiti iliamka.
Ujumbe ukatuma neno moja la majaribio kwa Sharifa,
akajibu kwa matusi, alikuwa amelala.
Ikabaki moduli ya riba.
Erasto aliiandika, akahamia Kigali, na juu yake aliacha
neno moja: USIGUSE.
Nimegusa. Imekufa.
Bila toleo la tisa haihesabu hata senti.

Shangazi tena, maandishi sasa:
"Jora limepungua doti mbili. Kisaka na mkewe
watavaa za mwaka jana. Watakaa nyuma."

Basi riba nikaitenga, iendeshwe peke yake,
chumba chake, toleo lake, nyuma.
Neno la Erasto sikulifuta.
Chini yake nikaandika kwa nini,
mistari sita, na tarehe,
na namba yangu ya simu.