Kamba ya Kuanikia

Tulipogawana vitu vyake kule Otiende
Righa alichukua redio, Mghoi akabeba cherehani,
na wake za kaka zangu wakazozana kwa adabu
juu ya sufuria kubwa ya pilau.
Kamba hakuna aliyeitaka.
Ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, imeviringwa msumarini,
kamba ya katani, imepauka, ina mafundo saba.
Niliitia mfukoni mwa koti
kama mwizi.

Shangazi Wakesho, kweli wamesahau?

Desemba, shule zikishafungwa,
wenzetu mtaani walipanda treni ya usiku kwenda Mombasa,
wakarudi wamekoza weusi, mifuko imejaa makombe,
wakatusimulia chumvi, wakatusimulia kaa,
hadi tukachukia kaa tusiyemjua.
Wewe ulitupanga mstari kwa kimo
ukatuteremsha kwa miguu hadi Bwawa la Nairobi,
chupa ya chai kwapani, viazi karai ndani ya gazeti,
na hii kamba, uliyoianua asubuhi hiyohiyo
nguo zikiwa bado mbichi.
"Bahari," ulisema, "ni bwawa lililopata nauli."

Maji yalikuwa rangi ya chai isiyoiva.
Tope lilipenya kati ya vidole, laini, vuguvugu.
Ng'ambo ile mashua nyeupe za klabu zilizunguka,
na watu wake hawakugeuka hata mara moja
kutazama pwani yetu.

Kuogelea hukujua.
Ulikuwa opareta wa simu,
siku nzima ukichomeka waya huku, ukichomoa kule,
Voi na Kisumu, Nakuru na Garissa,
watu usiowajua wakigombana na kuchumbiana
mikononi mwako.
Basi ulifanya ulichokijua:
ulitufunga viunoni, watoto sita, kamba moja,
ukakaa nyasini, miguu umeikunja,
ncha umeizungusha kiganjani mara mbili.

"Magotini! Mwisho magotini!"
"Mwakio, laini yako imelegea."
"Mghoi, sikusikii vizuri, sogea."
Na mimi, kitinda mimba, nikianza kulia kwa baridi:
"Subiri kidogo, nakuunganisha,"
ukanivuta polepole, polepole,
mpaka paji langu likagonga goti lako
lenye harufu ya karafuu na sabuni ya mche.

Miezi mitatu baada ya kukuzika Wundanyi
Righa alitupeleka Shanzu. Bahari yenyewe.
Watu wazima sita, wenye mikopo na presha,
tukakunja suruali, tukainua marinda, tukaingia.
Tukasimama.
Magotini.
Hakuna aliyetukataza.
Nilimwona Mwakio, afisa mzima wa forodha,
akipapasa kiuno kama aliyedondosha kitu,
na hatukusema neno mpaka kwenye soda.

Juzi nilipita bwawani. Magugu yamelimeza.
Mtu analima nduma pale tulipokuwa tukipiga mbizi za kusingizia.
Nikamuuliza maji yaliishia wapi.
Alinyoosha jembe huku, akalinyoosha kule,
akarudi kwenye nduma zake.

Sasa imening'inia kwenye roshani yangu, Umoja, ghorofa ya nne.
Mafundo sikuyafungua.
Sita ni sisi; la saba
lilikuwa la kiganja chako, limeng'aa kwa jasho.
Vibanio havitelezi, vinakwama.
Mke wangu anasema waya ni shilingi mia tu dukani.
Namjibu: subiri kidogo.

Usiku mwingine, mvua ikinusia, natoka kuanua.
Naishika ncha, naizungusha kiganjani mara mbili,
navuta.
Kuna uzito upande wa pili.
Navuta tena, polepole,
nikijua vizuri
ni blanketi, bado bichi.