Ukoka

Ngazi arobaini na mbili; nimezihesabu kwa nyonga za Kande.
Zamani alizishuka kama maharage yaliyomwagika.
Siku hizi anasimama juu, ananusa chini,
ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezijenga.

Julai ya Mbeya haina huruma na wazee.
Ukungu umemfunga Loleza shali hadi machoni,
na mbwa wa miaka kumi na mitatu
hawezi kungoja nivae koti, nitafute funguo,
nimpakate, nishuke, nimsalimie Mama Tusekile wa ghorofa ya pili,
ambaye salamu zake hazina nukta.
Mwezi uliopita hatukufika.
Tulilowa wote wawili, mbele ya mlango wake.
Alileta dekio, hakusema neno.

Basi nikaanza kutafuta choo.

Gwamaka seremala akanipa gunia la maranda:
"Kuku wanayapenda."
Kande si kuku. Aliyachakura usiku kucha,
asubuhi nikayakuta kwenye sukari.
Mchanga wa mto, ndoo mbili nilizozipandisha mwenyewe,
uliingia hadi mashukani.
Nikaleta yale malalio ya plastiki ya wodini,
nayajua, nimeyatandika miaka ishirini na sita.
Aliyalalia. Alidhani ni kitanda kipya.

Mwanjelwa wakaniuzia zulia la nyasi bandia,
kijani cha kupiga kelele.
"Mama, hata ng'ombe atadanganyika!"
Kande alinusa pembe moja, akanusa ya pili,
akaketi kando
kwa adabu ya mgeni aliyewekewa chai isiyo na sukari.

Ndipo nikamkumbuka baba.
Mwaka wake wa mwisho, kule Tukuyu, alikataa beseni.
"Siumwi," alisema. "Nimezeeka tu."
Nami muuguzi, mwenye jibu la kila kitu,
nikambeba hadi migombani, mvua ikinyesha,
nikageuza uso, nikahesabu mikungu.

Jumamosi nikachukua bajaji hadi Uyole.
Kijana mmoja, kwa elfu tatu,
akanikatia bonge la ukoka
pamoja na udongo wake, na minyoo yake.
Nikalilaza kwenye karai pana la mafundi, turubai chini.
Si barazani, huko upepo unakata masikio;
hapa ndani, kati ya bafu na viatu.
Litabadilishwa kila baada ya wiki mbili.
Harufu, ndiyo, itakuwepo.
Mwenye nyumba haambiwi.

Kande alikuja polepole.
Alinusa. Alizunguka mara tatu,
mguu wa nyuma ukitetemeka,
akanitazama.

Nikageuza uso.
Ukutani kuna kalenda ya mwaka juzi.
Nikaanza kuisoma, mwezi kwa mwezi;
nilipofika Agosti
nikausikia ukoka ukinywa.